Hivi bei ya duka ndiyo inayoamua utahudumiwaje, au tunajidanganya?

#1 Mzee wa Risiti
Wakuu, salamu.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu juzi. Pasi yangu ya umeme iliungua, nikaenda kutafuta nyingine. Nikaanza na duka la bei ya juu, lile la milango ya vioo na kiyoyozi cha kutetemesha. Nimesimama na boksi mkononi kama dakika kumi na mbili, wauzaji watatu wako pembeni wanajadili harusi ya mwenzao. Nikauliza waranti ni ya muda gani. Mmoja akasema "imeandikwa hapo", akanionyesha kwa kidevu. Kwa kidevu, wakuu! Mikono ilikuwa na simu.

Nikatoka. Nikaingia kiduka cha pili, bei karibu nusu ya kule, maboksi yamepangwa hadi darini. Kijana akapanda ngazi, akashusha pasi tatu, akazichomeka moja baada ya nyingine. Akawa analowesha kidole anagusa bati, tss, anasogea nyingine. Mwisho akaniambia: "Hii ya tatu usichukue, waya wake mfupi, utarudi kunitukana."

Msimamo wangu: bei ya duka na huduma havihusiani hata kidogo. Anayepinga aje na hoja.

#2 Siti ya Mbele
Nishakaa. Ila kabla wajuzi hawajaja, mzee ulivaa nini siku hiyo?

#3 Mzee wa Risiti
Kandambili. Kwani pesa ya mwenye kandambili ina kasoro?

#4 Siti ya Mbele
Uzi umejijibu. Mods fungeni.

#5 Keshia Mstaafu
Msifunge kwanza. Nimefanya kazi madukani miaka kumi na mmoja, minne duka la bei chee, saba duka la bei kali, kwa hiyo nitaandika kidogo.

Huduma ni dakika. Tabasamu halina gharama, lakini mtu wa kukaa na wewe dakika ishirini akueleze tofauti ya pasi ya mvuke na pasi kavu, huyo analipwa. Sasa chukua duka la bei chee ambalo kila mia ya mauzo inaliachia tatu. Haliwezi kuishi bila wingi. Tulikuwa wawili kwenye kaunta, foleni inafika mlangoni. Akija mtu wa kuuliza maswali kumi halafu anunue betri mbili za rimoti, amekula faida ya watu wanane waliosimama nyuma yake, na wale wanane wananitolea macho mimi, hawamtazami yeye. Utajifunza kujibu kwa mkato utake usitake.

Duka la bei kali kila mia inaacha thelathini, arobaini. Pale naweza kukaa na mteja mmoja nusu saa na duka lisitikisike.

Kwa hiyo mtoa mada, bei inanunua *nafasi* ya kukuhudumia. Huduma yenyewe ni habari nyingine. Wale watatu nafasi walikuwa nayo, wakaitumia kwa harusi.

#6 Ngazi Tatu
Keshia umeongea, ila umeruka jambo moja. Yule kijana wa ngazi ni nani pale? Mimi naweka ahadi kwamba duka ni la kwake au la ndugu yake. Mwenye mali akiwa kaunta huduma inabadilika hata akiwa anauza pini. Hoja ni nani anaumia ukiondoka mikono mitupu. Wale watatu wa kiyoyozi, ukiondoka wewe mshahara uko palepale.

#7 Mzee wa Risiti
#6 umelenga. Duka ni la mjomba wake, aliniambia mwenyewe wakati anafunga boksi. Lakini hii si inaniunga mkono? Chanzo ni umiliki. Bei haimo.

#8 Ngazi Tatu
Inakuunga nusu. Subiri duka la mjomba likue, aajiri watu ishirini, ndipo urudi hapa.

#9 Binti Kamisheni
Jamani mimi ndiye mmoja wa hao mnaowasema. Nauza vifaa vya nyumbani, duka la bei ya juu, nalipwa mshahara mdogo pamoja na kamisheni. Nitasema ukweli mnisamehe.

Ukiingia nakuangalia nikiwa mbali. Unakwenda upande gani? Ukielekea kwenye mafriji na mashine za kufulia, nakuja mbio, maana moja tu ikitoka siku yangu imekamilika. Ukielekea kwenye rafu ya pasi na birika, nakupa muda ujisomee boksi. Sina chuki na wewe. Nikiwa nakueleza habari za pasi, mwenzangu ananyakua mtu wa friji.

Mzee wa Risiti, angalia hili. Kwenye duka letu pasi ni kitu cha bei ndogo kuliko karibu vyote vilivyomo. Kwenye kile kiduka cha mjomba, wewe na pasi yako ndiyo mlikuwa mauzo makubwa ya asubuhi ile. Kwa hiyo msiseme tu bei ya *duka*. Tazameni bei ya kitu ulichoshika ukilinganisha na vingine vilivyozunguka.

#10 Siti ya Mbele
Kumbe mzee ungeishika friji hata kwa dakika moja tu ya geresha.

#11 Mzee wa Risiti
#9 nimekusoma, na umenichoma kidogo. Sikuwahi kulifikiria kwa upande huo. Lakini na kidevu je? Kidevu nacho ni kamisheni?

#12 Binti Kamisheni
Kidevu ni malezi, hapo simtetei mtu.

#13 Daftari la Zamani
Wengi mnaongea kana kwamba bei na huduma vilizaliwa pamoja. Zamani bei yenyewe ilitegemea sura yako. Unaingia, muuzaji anakupima, anataja. Katika maduka makubwa yaliyoeneza bei iliyoandikwa, moja kwa wote, lipo Le Bon Marché la Paris, ambako Aristide Boucicaut aliingia ubia mwaka 1852. Akaruhusu watu waingie watazame bila kulazimika kununua, na bidhaa isiyoridhisha irudishwe. Na wauzaji wake walipata kamisheni, kwa hiyo Binti usijione wa kwanza.

Halafu njoo 1916, Memphis, Marekani. Clarence Saunders anafungua Piggly Wiggly. Kabla ya hapo mteja alisimama mbele ya kaunta, anampa karani orodha, karani anazunguka kukusanya. Saunders akasema hapana, shika kikapu, zunguka mwenyewe, lipia mlangoni. Wafanyakazi wakapungua, bei ikashuka. Mwaka uliofuata akapata hataza ya mpangilio ule.

Ndiyo maana mimi huwa nashangaa watu wakilalamika kwamba duka la bei nafuu "halina huduma". Ile huduma ndiyo iliyokatwa ili bei ishuke. Kikapu unachobeba ni kazi ya karani uliyopewa wewe, na mshahara wako ni lile punguzo.

#14 Pasua Kichwa
Uzi mtamu. Ila mkuu #13 umemsahau Selfridge, yule wa London 1909, aliyesema mteja yuko sahihi siku zote. Yeye ndiye aliyeanzisha huduma kwa wateja.

#15 Daftari la Zamani
Taratibu. Harry Gordon Selfridge alifungua duka lake London 1909, hapo sawa. Lakini kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi kwa Marshall Field kule Chicago, na usemi huo unahusishwa na wote wawili. Na "kuanzisha huduma" ni kumtwisha mtu mzigo mkubwa mno. Boucicaut alikuwa anarudishia watu pesa zao Selfridge hajazaliwa au bado mtoto.

#16 Pasua Kichwa
Nimekubali, sigombani na mwenye daftari.

#17 Mpanga Boksi
Mimi naleta kitu kinachowapinga wote. Aldi, ile ya Wajerumani. Bei ya chini kabisa. Keshia amekaa kwenye kiti, anapitisha bidhaa kwa kasi mpaka unashindwa kumfuata, hakufungashii. Toroli unaweka sarafu ndipo likufungukie, ukilirudisha mwenyewe sarafu inatoka. Bidhaa nyingi zinakaa kwenye maboksi yaleyale yaliyokuja nayo. Hakuna wa kukuuliza "nikusaidie nini". Na watu wanarudi kila wiki!

Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyekwenda pale kutafuta kubembelezwa. Anataka aingie atoke. Foleni inayokwenda haraka nayo ni huduma, tena kwangu ndiyo ya kwanza. Nyie mnapima huduma kwa maneno mangapi muuzaji kasema.

#18 Ngazi Tatu
Na ndipo Walmart walipoanguka Ujerumani. Waliwalazimisha makeshia kutabasamu, Wajerumani wakaona kituko, wakakimbia. Wamarekani wakafunga virago.

#19 Keshia Mstaafu
#18 hiyo ni hadithi tamu kuliko ilivyokuwa. Walmart waliingia 1997 wakatoka 2006, na habari ya tabasamu kweli ilisimuliwa sana. Lakini walikuta Aldi na Lidl wameshakaa kwenye bei ya chini, wao wakashindwa kuwa chini zaidi. Juu yake wakagongana na sheria za kazi na vyama vya wafanyakazi. Tabasamu peke yake halifungi maduka themanini na kitu.

#20 Ngazi Tatu
Mkuu umeniharibia mfano wangu bora.

#21 Nusu Bei
Naomba kugeuza swali. Mna uhakika gani kwamba huduma inatofautiana? Labda inayotofautiana ni macho yetu.

Mwaka 2008 watafiti wanne, Waber, Shiv, Carmon na Ariely, walichukua watu 82 wakawapa vidonge vya kutuliza maumivu. Vidonge vyenyewe havikuwa na dawa yoyote ndani. Nusu wakaambiwa vinauzwa bei kamili, nusu wakaambiwa bei imepunguzwa sana. Walioambiwa bei kamili, zaidi ya asilimia 85 walisema maumivu yamepungua. Wale wa bei ya chini, asilimia 61. Kidonge kilekile!

Sasa mtu akilipa bei kubwa, hata muuzaji akimnunia atasema "ni mtu makini". Akilipa kidogo, ukimya uleule anauita dharau.

#22 Mzee wa Risiti
Mbona kwangu imekuwa kinyume? Nilipotaka kulipa kikubwa niliona dharau, nilipolipa kidogo nikaona upendo.

#23 Nusu Bei
Kwa sababu wewe kikubwa hukukilipa, ulitoka. Ungelipa ungejitafutia sababu za kuwapenda.

#24 Mama Waranti
Au ulikuja na matumaini mawili tofauti. Parasuraman, Zeithaml na Berry walitoa kipimo chao cha ubora wa huduma 1988, na msingi wake ni kulinganisha ulichotarajia na ulichoona umepata. Ukipita mlango wa kioo unategemea kupokelewa kama balozi. Ukiinama kuingia kiduka unategemea kusukumwa. Kijana akipanda ngazi tu, tayari amevuka matarajio. Wale watatu hata wangekuwa wa wastani bado ungeandika uzi huu.

#25 Mzee wa Risiti
Wa wastani? Kidevu, mama. Kidevu.

#26 Siti ya Mbele
Hiki kidevu kipewe uzi wake.

#27 Pasua Kichwa
Kuna maduka dharau ni sehemu ya bidhaa. Morgan Ward na Darren Dahl walichapisha utafiti 2014, wakaona kwamba muuzaji wa bidhaa za kifahari akimbeua mteja, mteja anazidi kuitamani ile chapa, hasa kama ni chapa anayoiota kwa muda mrefu. Kwa bidhaa za kawaida haikufanya kazi hivyo. Mzee sema kweli, pasi ile ya kwanza umeisahau?

#28 Mzee wa Risiti
Pasi si ya kifahari.

…

Jana nilipita nikaichungulia dirishani. Basi.

#29 Binti Kamisheni
😂😂 Njoo, nitakuhudumia mimi.

#30 Mpiga Hesabu
Nyote mnazunguka mshahara bila kuutaja. Msihangaike na bei ya rafuni, ulizeni muuzaji analipwaje na anakaa kazini muda gani. Mtu mpya kila mwezi hawezi kujua waranti ya pasi, hata awe na adabu namna gani. Anakuonyesha maandishi kwa sababu yeye mwenyewe hajui.

Kiwandani kwa Ford mwaka 1913, kuondoka kwa wafanyakazi kulifika asilimia 370. Maana yake ili kushikilia nafasi 100 mwaka mzima ilibidi kuajiri watu 370 hivi. Januari 1914 wakatangaza malipo ya karibu mara mbili, watu wakatulia. Ni kiwanda, najua, lakini mtu ni yuleyule. Na ukitaka duka, tazama Costco, yale maduka makubwa ya Wamarekani. Bidhaa nyingi nyongeza yake haipiti kama asilimia 14 juu ya gharama, yaani bei ya chini kweli, na bado wanajulikana kwa kuwalipa wafanyakazi vizuri kuliko washindani. Bei ya chini na mtu anayejua kazi, chini ya paa moja.

#31 Keshia Mstaafu
Costco unaingia kwa kadi ya uanachama, na ada zile ndizo sehemu kubwa ya faida yao. Ile huduma umeilipia mlangoni, kabla hujagusa rafu. Ukiihesabu kama bei, umerudi kwangu #5.

#32 Mpiga Hesabu
Ada haimlazimishi tajiri kumpa keshia mshahara mzuri. Angeweza kuitia mfukoni. Kuna mtu aliamua.

#33 Keshia Mstaafu
Aliweza kuamua kwa sababu alikuwa nacho. Tutakesha hapa.

#34 Mama Waranti
Acha niseme la kwangu, maana jina nililipata kwa machungu. Mnapima huduma siku ya kununua. Siku ya kununua hata tapeli ana adabu. Pimeni siku ya kurudisha.

Mashine yangu ya kufulia nilinunua duka la bei kali, nikahudumiwa na binti aliyekuwa anapiga miayo waziwazi. Miezi mitano baadaye ngoma haizunguki. Nikapiga simu, fundi akaja, akafungua, akatikisa kichwa, wiki iliyofuata nikaletewa nyingine. Hakuna aliyenichekea, hakuna aliyenibishia. Feni nilinunua bei chee kwa kaka mcheshi, "karibu dada, kaa hapa dada". Ilipokufa ndani ya siku tisa nilikuta yule kaka haoni vizuri, akaniuliza mara mbili kama kweli nilinunua kwake. Nyuma ya kichwa chake kuna karatasi: BIDHAA IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Ile tofauti ya bei ndiyo ilikuwa mashine ya pili. Niliilipia bila kujua.

#35 Mpanga Boksi
Mimi kinyume. Duka kubwa lilinizungusha miezi miwili kwa simu ya mkononi, jaza fomu, subiri "makao makuu". Fundi wa kibandani niliyenunua kwake chaja ya pili aliifungua palepale, akachomelea waya, hakuchukua kitu. Kila mtu na bahati yake.

#36 Ngazi Tatu
Bahati wapi. Ulinunua kwa mwenye mali. Narudia #6.

#37 Nusu Bei
Nje ya mada kidogo, na yule mlinzi anayekufuata rafu hadi rafu, anahesabiwa kwenye huduma?

#38 Siti ya Mbele
Ndiye pekee ambaye hajawahi kuniacha peke yangu dukani.

#39 Daftari la Zamani
Nje ya mada pia: hatujamtaja mteja. Nilikaa kaunta ya vitabu na vifaa vya shule muda mrefu. Mtu yuleyule, jamaa wa jirani, akija kwangu anagonga kaunta kwa funguo, "wewe, leta kalamu". Siku moja nikamkuta duka la saa za bei kali, anaongea kwa sauti ndogo kama yuko msikitini, mikono nyuma. Muuzaji anamjibu kwa upole uleule. Nikajiuliza nani kati yao aliyeanza.

#40 Binti Kamisheni
Hii ya funguo kwenye kaunta imeniingia. Kuna siku nahesabu wanaogonga.

#41 Mzee wa Risiti
Mimi sikugonga. Nilisimama kimya na boksi langu.

Anyway, mrejesho. Pasi ya kiduka tangu asubuhi inanuka kama plastiki inaungua, na kile kitaa cha joto hakizimi. Nimeichomoa. Kwa hiyo mtihani wa Mama Waranti #34 nimeupata mapema kuliko nilivyopanga. Kesho naipeleka kwa yule kijana.

#42 Keshia Mstaafu
Nenda asubuhi kabla foleni haijajaa, mkute hajachoka. Na mwombe akuchomekee mbele yako, kama alivyofanya mwanzo.

#43 Mama Waranti
Chukua boksi lake na risiti.

#44 Mzee wa Risiti
Boksi lipo.

#45 Mama Waranti
Na risiti?

#46 Siti ya Mbele
Mzee?

#47 Siti ya Mbele
Mzee WA RISITI?

#48 Mzee wa Risiti
Alikuwa ananichangamkia sana, nikasahau kuidai. Kesho naenda hivyohivyo. Nitavaa viatu.